Siku Ambazo Banda Lilifungwa

Lori la majani lilipiga honi wakati mchungaji bado anasoma wasifu wa marehemu. Tulikuwa Lufingo, chini ya maturubai mawili yaliyochuruzika maji pembeni, na wanawake kama kumi hivi wakanyanyuka kimya kimya kutoka kwenye mikeka. Walifungua khanga za msiba kiunoni, wakajifunga zile plastiki za kuchumia chai, wakateremka kuelekea kwenye banda la kupimia majani. Hakuna aliyewashangaa. Mchungaji hakunyanyua hata macho. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Tangu natoka Mbeya nilikuwa nawaza nikae na ndugu au na majirani, nivae viatu gani, nikiulizwa mimi ni nani kwa marehemu nijibu nini. Nikajikuta nawahesabu wale wanawake wanaoondoka. Nilipofika sita niliacha. Marehemu alikuwa Mama Tumpe, aliyenipangisha chumba Ibighi kwa mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na honi ile ilikuwa inalia pale, saa ile, siku ya maziko yake, kwa sababu yangu. Nikisema hivi watu huniambia najipa ukubwa nisiokuwa nao, kwamba kiwanda kingepanga ratiba yake hata bila mimi. Huenda ni kweli. Nimeliwaza jambo hili miaka saba, na bado sijafika mahali likaniachia.

Nilikuja Tukuyu na shahada mpya, mwavuli mmoja na mkataba wa mwaka. Kiwanda cha chai kilikuwa kinataka kupimwa. Wanunuzi wa nje walikuwa wameanza kuuliza maswali: mnachoma kuni kiasi gani kwa kila kilo ya chai, maji machafu yanaenda wapi, wakulima wenu wanaishije, na je, mtakuwepo bado miaka ishirini ijayo? Walituma jedwali refu lenye sehemu tatu, mazingira, uchumi na jamii, na kila sehemu ilikuwa na viashiria vyake. Kazi yangu ilikuwa kujaza kila kisanduku na mwisho wa mwaka kutoa alama. Meneja, mtu mpole aliyezoea kuzungumza huku anafuta miwani, aliniambia siku ya kwanza kwamba hayo ndiyo mafiga matatu ya kiwanda. Nilipenda sana mfano huo. Nikaurudia jioni kule Ibighi, jikoni kwa Mama Tumpe, huku nimekaa kwenye kigoda nikimenya ndizi vibaya. Aliniacha nieleze hadi mwisho, akachochea moto, akasema, "Mafiga nimeyaelewa. Sasa anayepika ni nani?" Binti yake Tumpe, aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuoni Mbeya, alicheka mpaka akatoka nje. Nililala na swali lile. Mimi huwa sijui mtu anatania au ananipima, kwa hiyo huchukulia kwamba vyote viwili.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama migomba, na ukuta wa upande wa mvua ulikuwa na unyevu ambao kila mwezi ulipanda kidogo. Nilikuwa nauwekea alama ya penseli. Nguo hazikukauka mwaka mzima. Chini ya kitanda Mama Tumpe alikuwa anavundika maparachichi yake ndani ya magunia, kwa sababu, alisema, chumba cha msomi kina joto la mawazo. Shamba lake la chai lilikuwa Lufingo, kwenye ardhi ya ukoo. Siku za kuchuma alipanda bodaboda alfajiri na kurudi mchana, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Kule alikuwa pia katibu wa banda. Akiwa nyumbani, wanawake wenzake wa kanisani walikuja kumsalimu, na kupitia ukutani nilisikia kila kitu. "Huyu binti wako mbona anaongea peke yake?" "Anahesabu." "Anahesabu nini?" "Kuni za kiwandani." "Kwani zimeibiwa?" Halafu kicheko, halafu sauti ya Mama Tumpe ikishuka, ikisema kwa taratibu, kama mtu anayetetea mtoto wake mwenye kilema kidogo, "Mwacheni. Ndiyo kazi waliyompa." Hakuweza kulitamka jina langu sawasawa. Aliniita Sawadi hadi siku ya mwisho, na mpaka leo nikisikia mtu analitamka kwa usahihi nahisi kama ananiita afisa.

Miezi ya kwanza nilikaa zaidi kwenye boila, tanuri la mvuke wa kukaushia chai. Mzee Ambakisye, mchochea moto wake, alinipa ndoo iliyopinduliwa niwe nakalia, akaniita Dada Vipimo, na kila nikifika aliniuliza leo nimekuja kupima moto au jasho. Kwake nilijifunza jambo lililokuja kuniponza. Kuni zilipimwa vizuri, magogo ya mikaratusi yalipangwa kwa mita na kuandikwa. Lakini nilipogawanya kuni kwa kilo za chai kavu, nilipata mstari uliopanda na kushuka ovyo, kama mtu aliyeandika akiwa ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Wiki moja tulikuwa kiwanda kizuri cha kupigiwa mfano, wiki iliyofuata tulikuwa tunachoma msitu. Nilidhani nimekosea. Nilirudia hesabu mara nne. Mzee Ambakisye ndiye aliyenifungua. Alinipeleka juu kwenye vitanda vya kunyaushia majani, vile virefu vyenye feni chini, akanionyesha viwili vimejaa na sita vitupu. "Majani hayajaja," alisema. "Lakini boila, dada yangu, ni kama mama mwenye mji. Waje wageni wawili, waje ishirini, moto ni ule ule." Nikamuuliza kwa nini majani hayajaja na mvua ipo, chai imechipua. Akapandisha mabega. "Huko mabandani wanajua wenyewe."

Jioni hiyo sikula. Mama Tumpe alikuwa amepika mbalaga, ndizi zimelainika na maharage ndani yake, chakula ambacho kwa kawaida nilikuwa namaliza na kukwangua sahani. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sina ugonjwa, nina grafu. Nikaichora kwa mkaa sakafuni, mabonde na vilima vyake, nikamweleza kwamba kuna siku Lufingo na mabanda ya jirani hayaleti jani hata moja na kwamba sielewi kwa nini, na kama sielewi nitaandika ujinga, na nikiandika ujinga mkataba wangu utaisha na nitarudi nyumbani nikiwa sijui kupima hata kuni. Aliitazama ile michoro. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu, limefungwa kwa uzi wa gunia. "Siku hizo zimo humu," akasema. "Kula kwanza."

Lilikuwa daftari la misiba. Kule Lufingo na vijiji vya jirani mtu akifa, jembe halishikwi na chai haichumwi hadi azikwe. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanaingia ndani kukaa na mfiwa, na banda linafungwa. Hakuna aliyelipitisha jambo hilo kwenye mkutano. Lilikuwepo kabla ya chai. Mama Tumpe alikuwa anaandika kila mmoja: jina, ni nani kwa nani, siku, na upande wa kulia maneno mawili, banda limefungwa. Nilimuuliza kwa nini anaandika, kama kiwanda kiliwaagiza. Alishangaa. "Kiwanda? Naandika ili nisisahau kwenda. Nikimsahau mtu msiba wake, na yeye atanisahau wangu." Alinionyesha ukurasa mmoja wenye mstari mfupi. Kichanga cha jirani yake, kilichoishi siku mbili, kilikuwa hakijapewa jina. Kilizikwa asubuhi, na mchana mama yake mwenyewe aliwaambia waende wakachume, kwa hiyo banda lilifungwa nusu siku tu. "Lakini nimekiandika," alisema. "Kilikuja."

Nataka nieleze sawasawa nilichokifanya, kwa sababu sikukifanya kwa ubaya, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya maneno hayo. Nilimwomba niazime daftari siku mbili. Akanipa bila kuuliza. Niliketi kitandani, maparachichi yakinukia chini yangu, nikaweka siku zake pembeni ya siku zangu za boila, na zikaingiana kama meno ya zipu. Kila bonde kwenye grafu lilikuwa na kaburi. Nilifurahi. Siwezi kuficha hilo: nilisimama katikati ya chumba na kupiga makofi peke yangu. Nikayaondoa majina, kwa sababu chuoni tulifundishwa kulinda siri za watu, na nilijiona mwadilifu sana kwa kuyaondoa. Yakabaki matukio. Mama mkwe wa fulani akawa siku moja. Mzee wa kanisa akawa mbili, kwa kuwa walimngojea mwanawe kutoka mbali. Kichanga kikawa nusu. Kwenye jedwali la wanunuzi palikuwa na mahali pa kuyaweka: sehemu ya uchumi, siku za uzalishaji zilizopotea, sehemu ya mazingira, kuni zilizochomwa bila tija. Nikatafuta mahali pa kuyaweka kwenye sehemu ya jamii. Nilitafuta siku tatu, kwa maana nilijua kwamba hayo yalikuwa ya kule. Jamii ilikuwa na idadi ya vyoo, idadi ya mafunzo, wanawake kwenye kamati, sanduku la maoni, na misaada ya kampuni kwa wanavijiji. Hapakuwa na kisanduku cha watu kwenda kuzikana. Nikaandika tanbihi chini ya ukurasa, sentensi mbili, kwamba siku hizi si hasara kwa maana ya kawaida, na kwamba bila hizo huenda mabanda yenyewe yasingedumu. Niliisoma mara nyingi mno. Ilionekana kama kitu kilichoandikwa na mtu anayelia. Asubuhi ya kukabidhi ripoti nikaifuta.

Meneja alifuta miwani yake, akaivaa, akaisoma ile grafu kwa kidole. "Hapa sasa umefanya kazi," akasema. Hakuna mkuu wa kazi aliyewahi kuniambia hivyo kabla, na nilitembea hadi Ibighi kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Wiki chache baadaye barua ilibandikwa kwenye kila banda. Lori litapita kwa ratiba yake bila kujali shughuli za kijamii, na banda litakalokutwa limefungwa litarukwa mzunguko mzima. Maneno shughuli za kijamii yalikuwa yangu, yametoka kwenye ripoti. Haikukataza mtu kuzika. Meneja alilisisitiza hilo, na alikuwa anaamini anachosema. Lakini anayejua chai anajua maana ya kurukwa: majani yanapita wakati wake, yanakomaa, unayakata na kuyatupa, na unaanza upya kungoja.

Afisa wa kiwanda alikwenda Lufingo kuisoma barua kwa sauti na kueleza sababu. Sikuwepo, nilijua kwa kuelezwa na Mama Tumpe mwenyewe. Alikuwa anapepeta mchele aliponiambia, na hakunitazama. "Alisoma siku moja moja, kutuonyesha tulivyoharibu. Akafika pale pa nusu siku. Watu wakauliza, nusu siku ni nini, sisi tuna misiba ya nusu siku? Nikakumbuka." Akapuliza pumba. "Hakuna mwingine aliyeiandika ile." Nilianza kusema, na mimi nikianza kujieleza huwa simalizi, nilieleza kuhusu majina niliyoyaondoa, kuhusu tanbihi, kuhusu vyoo na mafunzo. Alisubiri nimalize. "Ulihesabu vizuri, mwanangu," akasema. "Hukukosea hata moja." Kisha akaniwekea chakula. Ningependa angenifukuza. Nilikula ndizi zile zote huku nimeinamia sahani, na kuanzia siku ile hakuniuliza tena habari za grafu, ingawa alinigongea kila asubuhi kama kawaida, "Ugonile, Sawadi," umelalaje, na kunisubiri nijibu "Ndaga, Mama," asante, ndipo aondoke mlangoni.

Mwezi wa mwisho wa mkataba wangu alifariki Sekela, mdogo wake Mama Tumpe waliyezaliwa tumbo moja. Ilikuwa siku ya lori. Nilipofika Lufingo nilikuta wanaume wachache wanachimba kwa kupokezana haraka, na ndani ya nyumba, mkekani, amekaa Mama Tumpe na vikongwe wanne ambao mikono yao ilikuwa haiwezi tena kuchuma. Wengine walikuwa shambani. Tulikuwa tunawaona kupitia mlangoni, migongo yao ikisogea kwenye mistari ya chai, na walikuwa hawaimbi. Mama Tumpe hakulia kwa sauti. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kilio kile kinahitaji watu wa kukipokea, kwamba mmoja anaanza na wengine wanambeba, na vikongwe wanne hawatoshi kubeba. Lori likapiga honi. Baada yake wanawake wakaja wakikimbia kwenye utelezi, plastiki bado viunoni, wamelowa, wanaomba radhi mlangoni kama watoto waliochelewa shule. "Tusamehe, dada," aliniambia mmoja wao, mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango. Saa nane gari la kiwanda lilileta mfuko wa sukari na katoni ya chai. Meneja alikuwa ameniagiza nipige picha kwa ajili ya sehemu ya jamii. Nilipiga. Mama Tumpe alipokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akatazama kamera. Picha ile ilikaa kwenye ripoti ya mwisho, na mwaka ule alama yetu ya jamii ilipanda. Kuni kwa kilo zilishuka. Mstari ulinyooka. Siku nilipokuwa nafunga mizigo Mama Tumpe aliniuliza, bila kejeli niliyoweza kuiona, na niliitafuta sana, "Ile picha ilitoka vizuri?"

Niliondoka. Nimefanya kazi kama ile kwenye viwanda vingine, na ninaambiwa niko makini kupita kiasi. Nilikuwa nampigia Mama Tumpe sikukuu, tunaulizana mvua na afya, kila mmoja akiliruka lile jambo kama dimbwi linalojulikana lilipo. Miaka minne iliyopita mama yangu alifariki. Nilimpigia nikiwa siwezi kuunganisha sentensi. Aliniacha nilie, halafu akauliza swali moja tu: mnazika lini? Nikamtajia siku. Nilidhani anauliza kwa adabu.

Baada ya maziko ya Mama Tumpe, wanawake waliokwenda bandani wakiwa wamerudi na kuketi, Tumpe alinivuta jikoni. Ni mwalimu sasa, ana sauti ya mama yake na haraka ambayo mama yake hakuwa nayo. Alinipa daftari la bluu, jalada limeachia, uzi ni ule ule. "Alisema ukija nikuonyeshe. Usipokuja nisikutumie." Nilisimama karibu na mlango kupata mwanga. Kurasa za mwanzo nilizijua kwa moyo, nilikuwa nazijua kama namba. Halafu ukurasa wa mwaka wangu, halafu Sekela. Kuanzia hapo upande wa kulia maneno yalibadilika. Maneno banda limefungwa hayakuonekana tena. Badala yake, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko uliozidi kutetemeka: mimi peke yangu sikuchuma.

"Watu walikuwa wanamwambia anajitia hasara," Tumpe alisema. "Lori linamruka yeye tu, majani yake yanazeeka. Anasema mnisamehe, mimi mkono wangu haujazoea kuchuma siku ya msiba."

Nilikuwa nafunua kwa kidole chenye tope. Karibu na mwisho nilikuta jina la mama yangu, ambalo nilikuwa nimelitaja mara moja tu, kwenye simu, katikati ya kilio. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Mama yake Sawadi, Singida. Siku niliyomtajia. Na upande wa kulia maneno yale yale ya kila mstari.

Tumpe alikuwa amenyoosha kalamu, na nilichelewa kuelewa kwamba ananipa mimi. "Mama bado hajaandikwa," alisema. "Andika wewe." Nje wanawake walikuwa wameanza kuimba hatimaye, wimbo wa Kinyakyusa ambao sikuujua. Bonde lilikuwa limefunikwa na ukungu, banda halikuonekana, lakini nilisikia lori likibadilisha gia kwenye kilima kwa uzito wa majani. Niliandika jina lake lote. Niliandika ni nani kwa nani: mama yake Tumpe, dada yake Sekela. Nikaweka siku. Kisha nikafika upande wa kulia, na nikawaza, kama ninavyowaza siku zote, njia zote ambazo ningeweza kuiandika ili isiumize. Niliandika kwamba banda lilikuwa wazi. Tumpe alisoma juu ya bega langu. Sikufuta.